Mshono Uliojadiliwa Juu ya Tumbo Langu

Kiungo cha mtu kikitolewa nje ya mwili wake, kikalazwa juu ya tumbo lake mwenyewe, kikashonwa, kisha kikarudishwa kilikotoka, kwa muda huo wa katikati kilikuwa cha nani? Nimelitafakari swali hili tangu miaka ya themanini, wala sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba wengi walilijibu kwa niaba yangu bila kuombwa: madaktari wawili, mama mkwe, mkandaji, na sehemu kubwa ya mji wa kale wa Malindi, kila mmoja akiamini kwa moyo safi kwamba mfuko wangu wa uzazi umo chini ya usimamizi wake.

Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya upili mjini Malindi, mwenye shahada, na mwenye imani ile ya wahitimu vijana kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka. Mume wangu alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli ya watalii kule Bofa. Aliweza kusema kwa lugha nne kwamba bahari leo imetulia, na hakuweza kuutaja mfuko wa uzazi katika hata moja. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa upande wa Kilifi, tulikubaliana nikajifungulie huko, katika hospitali ndogo ya binafsi ambayo imekwisha kufungwa zamani na mahali pake pakajengwa maduka.

Uchungu ulianza kwa adabu, ukaendelea bila adabu, kisha ukasimama. Mtoto alikataa kushuka. Daktari kijana, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, akaamua nipasuliwe, na akatangaza kwamba sitalazwa usingizi. Nitadungwa sindano ya uti wa mgongo, nife ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, na akili yangu ibaki nami. Aliniambia hivyo kama mtu anayetoa zawadi. Faida ya sindano ile ni kwamba mama humwona mwanawe anapotoka. Hasara yake, ambayo hakuitaja, ni kwamba husikia yote yanayosemwa baada ya hapo.

Basi nilimwona binti yangu. Alilia, akafutwa, akafungwa kitambaa, akapelekwa pembeni kupimwa. Mimi nikabaki upande wangu wa pazia la kijani, na tumbo langu likabaki upande wa pili, pamoja na daktari kijana aliyekuwa akipasua na daktari mzee, mwenye hospitali, aliyekuwa akimsaidia. Neno kusaidia nalitumia kwa heshima tu.

"Unafanya nini?" mzee aliuliza.

"Nautoa nje."

"Kwani umekuudhi?"

"Ukiwa nje naona vizuri zaidi, mzee. Pembe zote mbili za jeraha naziona. Na damu inapungua."

"Hiki si kiatu, kijana, kivuliwe ndipo kipelekwe kwa fundi. Mimi naushona papo hapo ulipo tangu wewe unanyonya."

"Ndiyo, mzee. Kwa kupapasa."

"Mke wangu naye hupika kwa kupapasa, wala sijalala na njaa."

Nesi akacheka. Wakati huohuo nikahisi kitu ambacho ganzi haikukizuia: si maumivu, bali mvuto, kana kwamba mtu ameshika shina la muhogo tumboni mwangu na mizizi yake imefika kooni. Nikatapika. Nesi akanigeuza kichwa kwa ustadi na kunikingia bakuli la bati.

"Unaona?" alisema mzee, kwa furaha isiyofichika. "Ungeuacha ndani asingetapika."

"Kutapika kunapita. Mshono mbaya haupiti."

"Samahani, madaktari," nilisema, "naomba kuuliza—"

"Tulia kidogo, mama," alinijibu mzee kwa upole. "Tumo katika mazungumzo."

Nikatulia. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba historia ni hoja inayoendelea kati ya wenye nguvu, na wasio na nguvu huwa ndio uwanja wake. Sikuwa nimefikiri kwamba nitapata fursa ya kulithibitisha jambo hilo nikiwa nimelala chali.

Mazungumzo yakahamia kwenye uzi. Kijana alitaka tabaka moja: uzi mmoja utembee mwanzo wa jeraha hadi mwisho wake, nyama isibanwe mno, ipone vizuri. Mzee alisema tabaka moja ni la kushonea gunia la mkaa.

"Mtu hushonwa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza kuzuia damu. Mara ya pili ili mimi nilale usingizi."

Wakapatana, kama wanaume wanavyopatana juu ya mali isiyo yao. Kijana alikuwa ameshautoa nje, kwa hiyo hapo alikuwa ameshinda. Mzee akapewa tabaka lake la pili. Hivyo ndivyo mfuko wangu wa uzazi ulivyopata serikali ya mseto, miaka mingi kabla ya taifa. Kisha ukarudishwa ndani, kwa mvuto uleule uliogeuzwa, na kila mtu akapongezana na mwenzake isipokuwa mimi, niliyekuwa na bakuli.

Laiti jambo lingeishia pale. Lakini daktari kijana alikuwa na ile hamu ya kueleza inayowapata watu waliosoma, na ukumbini alimkuta mume wangu ameketi na kofia yake ya vito, ile nyeupe iliyodariziwa, ya Ijumaa. Akaiomba. Akaishika mbele yake, akakunja hapa, akabana pale, akaonyesha namna kitu kile kinavyonyanyuliwa kutoka ndani, kinavyolazwa, kinavyoshonwa ukingo kwa ukingo, kinavyorejeshwa. Mume wangu alitazama hadi mwisho bila kupepesa, kama anavyomtazama mgeni anayelalamikia chumba. Alishukuru. Akairudisha kofia kichwani kwa kuwa hakujua pengine pa kuiweka, akaenda Malindi kumpa mamake habari njema. Msikitini hakuivaa tena.

Mama mkwe, ambaye tuliishi naye na ambaye ndiye aliyesimamia uzazi wangu kwa kuwa mamangu wa Mambrui alikuwa amefariki kabla sijaolewa, alisikiliza maelezo ya mwanawe akashika neno moja tu: walikitoa. Kizazi, ndivyo wanawake wa mtaani walivyouita mfuko ule, walikitoa nje. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nikiwa nimejikunja kama ukwaju, nikakuta nimetanguliwa na sifa zangu.

Wageni wa mzazi huja kumtazama mtoto. Wangu walimtazama mtoto kwa jicho moja. Wa kwanza alikuwa shoga wa mama mkwe, bibi mmoja mnene aliyekaa nyumba ya pili, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hongera na pole. Nasikia walikianika."

"Hawakukianika, bibi. Walikishona."

"Juu ya tumbo?"

"Juu ya tumbo."

"Wazi wazi? Mbele za wanaume?"

"Wanaume wawili, na nesi."

"Subhanallah! Mimi hata nguo zangu za ndani sizianiki uani mwanamume akipita." Akapiga kofi paja lake, akamgeukia mama mkwe. "Na walipokirudisha, walijuaje mbele ni wapi?"

"Yule daktari kasoma," mama mkwe alisema, bila nguvu.

"Kusoma! Mjukuu wangu kasoma, na kila kukicha avaa fulana kinyume."

Hapo nikaingilia kati, na shahada yangu yote. Nilieleza kwamba mfuko wa uzazi haukai tumboni kama chungwa kapuni. Umeshikwa na kano kila upande, na chini umeungana na njia yake, kwa hiyo hauwezi kugeuzwa kinyume hata mtu akitaka. Nilieleza kwa utaratibu, kwa sauti ya darasani. Bibi alinisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

"Kumbe kimefungwa," alisema.

"Kimefungwa, bibi."

"Basi walikitoaje?"

Naomba msomaji asicheke upesi. Nilifungua kinywa kujibu, nikaona kwamba nilikuwa ninajua jibu na siwezi kulisema kwa namna itakayomshinda. Kano hunyumbuka, nilisema. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. Kamba inayonyumbuka, alisema, ikirudi huwa imelegea, hilo hata mvaa suruali ya mpira analijua. Wote wakanitazama tumbo, nami nikalitazama.

Siku iliyofuata akaitwa mkandaji, mwanamke wa makamo mwenye viganja vipana kama visahani, aliyekuwa amewakanda nusu ya wazazi wa mtaa ule. Kwa wasioijua desturi yetu: mzazi hukandwa mwili kwa maji ya moto, moto wa kunyonyolea kuku, na tumbo hubonywa kuelekea juu ili kizazi kirudi mahali pake, kisha hufungwa nguo inayoitwa mkaja, ikakazwa mpaka mzazi avute pumzi kwa zamu. Mkandaji hakunigusa siku ile. Alinitazama tu nikitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akatoa hukumu.

"Kimelala upande," alisema. "Kimeegemea kushoto. Ndiyo maana aenda kama kaa."

"Naenda hivi kwa sababu nimepasuliwa," nilisema.

"Umepasuliwa katikati, mwanangu. Mbona waegemea kushoto?"

Kazi yangu, alisema, si ya kukandwa tu bali ya kunyanyuliwa. Atakipandisha kwa kiganja kidogo kidogo, na tuanze mapema kabla hakijaota mizizi huko kilikolala. Mama mkwe alikuwa akiitikia kila neno kama dua.

Nikaomba tusubiri nikafumuliwe nyuzi za ngozi kwanza, na nikapanga kuwauliza madaktari. Mume wangu alinipeleka Kilifi kwa gari aliloazima hotelini. Nyuzi zikatolewa na nesi, madaktari wote wawili wakaja kutazama, na nikauliza swali langu: je, tumbo hili likandwe?

"Kama ungeshonwa ndani kwa ndani," alisema mzee, akimtazama mwenzake, "kusingekuwa na mtu wa kudhani kimepotea njia."

"Na kama angeshonwa tabaka moja," alisema kijana, akimtazama mwenzake, "asingekuwa na ugumu huu chini ya kovu."

"Ugumu ndio uimara."

"Ugumu ni uzi uliozidi."

"Mabwana," nilisema, na safari hii nilikuwa nimeketi, jambo linalosaidia. "Nyumbani kuna mwanamke mwenye viganja hivi, anangoja kunibonya kwa maji ya moto. Likandwe au lisikandwe?"

"Lisikandwe!" walisema kwa pamoja, wote wawili wakashtuka kwa kukubaliana. Mzee ndiye aliyenieleza, na kwa mara ya kwanza alizungumza nami, si juu yangu. Mshono wa nje umepona, wa ndani bado ni mbichi. Ukibonywa kwa nguvu unaweza kufumuka, na damu yake haitaonekana kwa mtu mpaka nimekwisha. Miguu, mgongo, mabega, nikandwe nitakavyo. Tumbo, hapana.

Nilirudi Malindi na amri hiyo kama mjumbe aliyebeba mkataba. Nilimwambia mume wangu njiani, na jioni alipotakiwa na mamake aseme neno, akatupokea wote wawili kama wageni wa hoteli: karibuni, natumaini mmekaa vizuri, na hakumpa mtu chumba. "Fanyeni mnavyoona," alisema. Kisha akatoka kwenda kununua mkate ambao ulikuwepo nyumbani.

Tukabaki wawili, mama mkwe na mimi, na mtoto amelala baina yetu. Nilijiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na hoja zangu, nimezipanga: hatari, damu, mzee mwenye hospitali. Yeye alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akanisikiliza hadi nikamaliza.

"Unajua kwa nini mumeo hana ndugu tumbo moja?" aliuliza.

Nilijua kwamba hakuwa naye. Sababu sikuwahi kuuliza. Katika familia ile mambo ya namna hiyo yalitandikiwa mkeka juu yake.

"Nilimzaa Ngomeni," alisema. "Mkandaji wa kule alikuwa amefiwa na mtoto, yuko matangani, nami nikaona haya kumwita. Nikasema nitajikanda mwenyewe. Nikajikanda, ovyo ovyo, mkono wa mzazi una nguvu gani? Basi. Sikushika mimba tena. Miaka ikaenda. Wakwe zangu wakasema kizazi kimelala, na nani alikilaza, ni mimi. Kisha baba mkwe wako akaoa." Akatupa jiwe dogo kwenye kona. "Biriani ya harusi yake niliipika mimi. Watu wakaisifu."



"Mwanangu ni mtu mzuri," aliendelea, "lakini baba yake pia alikuwa mtu mzuri. Sitaki siku moja uje upike hiyo biriani. Wewe wanisomea hatari ya damu. Mimi ninayo hatari yangu, naijua sura yake, ilikaa chumba cha pili na mimi miaka yote ile."

Ningeweza kumwambia kwamba kutoshika mimba kuna sababu nyingi, na kwamba hata mume huenda ndiye mwenye sababu, na kwamba mkono wa mkandaji haukuwahi kuzalisha mtu. Yote hayo ni kweli. Lakini nilitazama mikono yake juu ya ungo na nikaona kwamba ningemshinda kwa hoja kama wale madaktari walivyoshindana, juu ya kitu kisichokuwa changu, na kitu hicho kilikuwa maisha yake. Na upande wa pili, sikuwa tayari kufumuliwa ili roho yake itulie. Ndipo nikaamua.

"Mama," nilisema, "mwite mkandaji aje kesho asubuhi. Miguu, mgongo na mabega ni yake. Tumbo utalikanda wewe."

Akaacha kuchambua.

"Mimi?"

"Wewe peke yako. Daktari kasema mshono wa ndani ukifumuka nitatoka damu na hakuna atakayeiona. Mkono wa mtu mwingine siutaki hapo. Wako naukubali. Ukiona inafaa kubonya, utabonya."

Sijui hadi leo kama nilikuwa ninamwamini au ninamtisha. Nadhani yote mawili, kwa kadiri isiyopendeza. Akauinamia tena ungo, na mchele ule uliokwisha kuwa safi akauchambua upya.

Asubuhi mkandaji alikuja na maneno mengi. Maji yalikuwa yamechemka uani tangu alfajiri. Nililazwa juu ya mkeka, na mwanamke yule, sikatai, alikuwa na mikono ya ajabu: aliifungua miguu yangu na mgongo wangu kama mtu anayefungua mafundo ya kamba ya ng'ombe, nami nililia kwa raha bila kuona haya. Kisha akanigeuza chali, akachovya kitambaa katika maji, akakisogeza kwenye tumbo langu.

"Hapo pangu," alisema mama mkwe.

"Pako?"

"Nipe kitambaa."

Alipewa. Akakikamua, akakitikisa, akakipoza hewani, akakigusisha upande wa ndani wa mkono wake kama wanavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, akaona bado, akakipoza tena. Alipiga magoti kando yangu. Akaanza Bismillahi, akaimaliza, akaianza tena. Hatimaye aliweka kiganja chake, na kitambaa chini yake, juu kabisa, karibu na mbavu, mbali na kovu kadiri tumbo lilivyoruhusu. Alikiacha hapo.

"Kanda basi, bibi!" alisema mkandaji. "Hivyo si kukanda, hivyo ni kubisha hodi."

"Nyamaza wewe."

"Kitapandaje sasa? Bonya!"

Mama mkwe hakubonya. Alinitazama usoni, si tumboni, akitafuta kama naumia, nami nikatikisa kichwa kwamba siumii. Kiganja kikakaa pale mpaka kitambaa kikapoa. Kisha akakiinua polepole kwa mikono miwili, akanifunika kanga, na akamwambia mkandaji ayabebe maji yaliyobaki akayamwage.